Turubai la Kambale wa Baba

Baba alikuwa na kauli moja aliyopenda kuwaambia wageni: sato mpe jua azae, kambale mpe giza akue. Wageni walicheka, wakidhani ni utani wa mzee aliyechoka na kilimo. Haukuwa utani. Sato wake aliwaweka kwenye bwawa la wazi kule Mashewa, kwa ndugu zetu, na majira ya jua kali walizaa mpaka akakasirika, maana bwawa lilijaa vitoto visivyokua. Kambale aliwaleta nyumbani Handeni. Akawajengea bwawa dogo la saruji nyuma ya jiko, akalifunika kwa turubai zito.

Vifaranga wale wa kambale aliwaweka akiwa tayari anaumwa. Alituambia wazi, mama na mimi, kwamba hawakuwa wake. Walikuwa wa mama, ili akibaki peke yake awe na kitu cha kumshika mkono, asiwe mtu wa kungojea watoto wakumbuke nyumbani. Mama alinuna siku nzima kwa maneno hayo.

Baba alifariki vifaranga hawajafika hata urefu wa kidole. Nilipofika kutoka Korogwe niliingizwa moja kwa moja chumbani kwa mama, kwani wanawake tulikaa ndani. Wanaume walikaa uani, na jua la Handeni halina huruma hata kwa wafiwa. Baba mdogo, aliyesimamia msiba, akatafuta kivuli cha kuwapa watu. Akaliona turubai.

Alikosea kama anavyokosea mtu wa Handeni. Kwetu maji ni adimu, nayo ndiyo hufunikwa. Pipa lina kifuniko, ndoo ina sahani juu. Baba mdogo aliamini kaka yake alifunika bwawa ili jua lisiyamalize maji. Kwa hiyo alilifunua kwa roho safi, akalifunga turubai juu ya waombolezaji, na kila asubuhi akaagiza madumu ya maji bwawa lisipungue. Usiku waliwasha balbu kubwa pale pale uani. Samaki walipewa kila kitu isipokuwa giza.

Mama ndiye aliyesikia kwanza, maana dirisha lake linatazama jiko. Kisomo kikiendelea, alinishika mkono akaninong'oneza kwamba maji yanapigwapigwa kupita kiasi. Nikatoka kutazama. Kambale akikaa kwenye mwanga mfululizo hukosa raha, na kambale asiye na raha huwageukia wenzake. Wachache walikuwa wamevimba matumbo, mmoja mkia wa mwenzake bado unaning'inia mdomoni. Wengine walikuwa wameparurwa, wamejibana pembeni. Wengi hawakuwapo kabisa. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Nilitaka kumwendea baba mdogo mbele ya watu wote, nimwambie amemzika kaka yake mara mbili.

Mama alinikataza. Alikuwa edani, haonani na shemeji yake, hivyo maneno yote yalipitia kwangu.

"Mwambie kilichofunikwa pale hakikuwa maji. Wale wanafichwa mwanga," alisema. "Halafu mwambie sina kinyongo. Kivuli kile walikikalia watu waliokuja kumzika mume wangu."

Nilifikisha yote mawili, ingawa la pili nililisema shingo upande. Baba mdogo alikaa chini vumbini akalia, yeye ambaye makaburini hakutoa chozi. Kisha akalifungua turubai akalirudisha kwa mikono yake, na waombolezaji wakahamia juani bila kunung'unika. Muda wote wa eda ni yeye aliyewalisha wale waliobaki. Alikuja na kuondoka bila kuomba hata chai, na mama akawa anazisikia ndala zake tu zikipita dirishani.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa, akatoka. Nilidhani ataanza na kaburi, kumbe alikwenda nyuma ya jiko. Nikamnyanyulia pembe ya turubai. Walikuwa wachache, lakini wamenenepa, masharubu marefu, na mwanga ulipowagusa walikimbilia chini kwenye kona ya giza. Mama mwenyewe hakuwa amesimama juani tangu siku ya msiba.

"Funika upesi," alisema, mkono mmoja ungali juu ya macho yake.