Paka Wasiokuwa Kitenge

Harufu ya gunia la katani lililolowa mvua hainipiti hivi hivi mpaka leo. Nikiisikia sokoni Mpanda, mwili unasisimka na macho yanatafuta kama gunia lenyewe limechanika. Masika yale nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa Kawajense, hapo hapo Mpanda, na baba alikuwa na duka mbele ya nyumba: sukari, chumvi, mafuta ya taa, na kamba za manila zikining'inia mlangoni. Juu ya kaunta, kando ya mizani, alilala paka wangu Kitenge. Tulimwita hivyo kwa ajili ya mabaka yake, meusi, meupe na ya rangi ya chungwa. Ninazo picha zake tatu za siku zile. Katika ya kwanza bado mdogo, nimembana kifuani mwa gauni langu la Idd, macho yamemtoka. Katika ya pili kageuza kichwa na picha imeingia ukungu. Ya tatu kakaa ndani ya sahani ya mizani, mnene, haogopi mtu.

Jirani yetu Baba Desi alikuwa dereva wa lori la fuso, akileta mpunga kutoka Usevya. Yeye Mfipa, baba yangu Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na asubuhi haikupita bila kutupiana maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angepigwa. Utani una sheria yake: anayenuna ndiye aliyeshindwa. Sasa wiki moja Kitenge alikula vifaranga wa Mama Desi, na wala si mmoja. Baba Desi akaja dukani, benchi limejaa watu, akasema, "Wewe Mnyamwezi, huyu mwizi wako nitamtia gunia nikamtupe Usevya." Kwetu paka hauawi, ni mkosi, akiwachosha watu hutupwa mbali, asikoijua njia ya kurudi. Baba alicheka mpaka akaishika kaunta. "Mchukue! Tena kamba nakupa bure, maana nyie Wafipa hata kamba hamna." Akakata kipande cha manila akamrushia. Benchi zima likaangua kicheko. Mimi nilimtazama Baba Desi akiikunja ile kamba taratibu na kuitia mfukoni. Mtu anayetania haikunji kamba namna ile.

Nilimwambia baba kuwa jirani hatanii. Akanijibu, "Acha ujinga mwanangu, yule si mtani wangu?" Kesho yake alfajiri nilisikia fuso likiunguruma, nikakurupuka. Nilipofika nje barabara ilikuwa tupu, imebaki harufu ya dizeli. Kwenye kaunta hapakuwa na paka. Baba aliendelea kucheka hadi adhuhuri, akisema jamaa kamficha tu, atamrudisha akishapewa sukari. Kisha mvua ikaanza kumwagika. Jamani, njia ya Usevya inakatiza hifadhini! Mna simba na chui mle, na pale Sitalike mto umejaa viboko. Nilijua yote hayo kwa masimulizi ya madereva hao hao waliokaa kwenye benchi letu. Chakula kilinikataa. Nilikaa mlangoni, na kila lori lilipopunguza mwendo nilisimama kuchungulia.

Fuso lilirudi kesho yake jioni. Baba Desi alishuka na gunia mkononi, limelowa, limechanika ubavuni. Halikuwa na kitu. Alisema alipofika Usevya na kufunua turubai, ndivyo alivyolikuta. Paka kajichomoa njiani, wapi, Mungu ndiye ajuaye. Nia yake ilikuwa kumwacha kwa mama yake mzazi, ambaye panya walikuwa wakimmalizia mpunga. "Si ulinipa na kamba, ndugu yangu?" aliuliza, na sauti haikuwa ya utani tena. Baba alifungua mdomo, kicheko kikagoma kutoka. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na siku hiyo niliuona usaha wenyewe: watu wazima wawili wamesimama mvuani, mmoja haruhusiwi kukasirika, mwingine hajui aombe radhi kwa maneno gani. Mama akanifinya bega. "Msalimie mkubwa wako." Nilimwangalia Baba Desi usoni nikaimeza shikamoo yangu. Niliapa hataipata mpaka Kitenge arudi. Nilichapwa kwa hilo, na bado sikuitoa.

Nadhani kunyimwa shikamoo kulimuuma kuliko gunia. Aliomba ile picha ya kwenye mizani, akaenda studio kuitolea nakala, akaibandika ndani ya kioo cha fuso. Kila aliposimama, Sitalike, Kibaoni, Usevya, aliwaonyesha wauza samaki na mama lishe. Madereva wenzake walimzomea, eti dume zima linatafuta paka. Baadaye akanunua simu yenye kamera, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza upya. Akirudi safari anakuja moja kwa moja dukani, ananyoosha simu: "Ndiye huyu?" Paka juu ya bati. Paka chini ya meza ya dagaa. Dume la kijivu, ambalo hata kipofu angejua siye. "Siye," nasema, naye anafunga simu na kuondoka bila salamu. Mara moja mabaka yote yalikaa mahali pake. Nililia, na baba akafunga duka tukapanda fuso hadi Sitalike. Paka yule alikuwa na mkia mweupe, ambao pichani haukuonekana. Wa Kitenge ulikuwa mweusi. Tulirudi Kawajense.

Miaka imekwenda. Baba alipofariki, watani walikuja msibani wakafanya vituko vyao kama ilivyo desturi, watu wakacheka huku wanalia. Baba Desi peke yake alikaa pembeni. Utani wao haukurudi tangu ile kamba. Sasa naishi Misunkumilo, hapa hapa Mpanda, kila nyumba na ukuta wake. Paka wa jirani akinikosea nitalalamika kwenye kundi la simu la mtaa, na sidhani kama kuna mtu wa kunitania hata kidogo. Simu yangu ina picha nyingi nisizozitazama. Zile za paka wasiokuwa Kitenge sijafuta hata moja, na bado zinaongezeka: Baba Desi aliacha kuendesha lori, akahamia Usevya, lakini hakuacha kunitumia.

Juzi iliingia nyingine. Paka mchanga wa mabaka, kajikunyata kwenye kizingiti, mkia mweusi. Chini yake yale yale: "Ndiye huyu?" Hesabu ya umri wa paka naijua. Kitenge amekwishakufa zamani, popote alipokuwa, na mzee anajua hivyo hivyo. Niliitazama picha hadi uji ukapoa. Nikaandika, "Ndiye." Kisha nikaongeza, "Shikamoo, Baba Desi."