Mkia wa Tambi

Bongnye hakuwahi kukata tambi zake hadi mwisho. Kila asubuhi alisukuma donge la unga likawa pana na jembamba kama kanga, akalikunja, akashika kisu na kukata bila kutazama vidole. Likibaki pande la upana wa kiganja, kisu kilisimama. Pande hilo watu wa mji wa Daegu huliita mkia. Ndicho kinyunya chao. Alilitupa juu ya moto mpaka likavimba na kuungua madoadoa, kisha akampa yeyote aliyekuwa karibu. Tambi ziliuzwa. Mkia haukuuzwa.

Seonhwa alianza kuula mkia huo akiwa hana meno ya mbele. Mama yake aliuza soksi kwenye kona ya uchochoro uleule, nyuma ya maduka ya Dongseongno, na mtoto akitoka shule miguu ilimpeleka kwa Bongnye yenyewe.

"Umekuja tena, mkoma wewe? Kwenu hamna sufuria?"

"Zipo, mama mkubwa. Ila hazina kitu ndani."

"Basi kaa, ule, upasuke, nikuzike mwenyewe."

Mkoma ni neno ambalo watu wa pande zile huitana wakipendana sana, na Bongnye alikuwa na mengine mabaya zaidi ya hilo. Aliwatukana washonaji. Aliwatukana wauza mizizi wa mtaa wa dawa. Alimwambia askari wa zamu kwamba ana uso wa kiatu kilichonyeshewa, naye askari akaja kila siku kwa miaka kumi na moja. Lakini alimwita mtu asiyemjua bwana au mama, akampa kijiko kwa mikono miwili. Tusi lake lilikuwa kitu cha nyumbani. Hakuligawa ovyo. Seonhwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Alipokaribia miaka arobaini, Seonhwa alipata kazi ya kuwatembeza wageni wa ng'ambo katikati ya mji. Safari ilikuwa ileile kila siku: ngazi tisini hadi kanisa la matofali mekundu, kisha mtaa wa dawa wenye harufu ya mizizi inayochemka, kisha Dongseongno, ambako wasichana wa maduka ya vipodozi huita wapita njia kwa vipaza sauti. Mchana wageni walitaka kula. Akawapeleka kwa Bongnye.

Siku ya kwanza Bongnye alimpokea mlangoni kama kawaida. "Mkoma wangu, umewaokota wapi hawa? Wamepotea, au umewaiba?" Wageni wakauliza amesema nini. Seonhwa akawafasiria, nao wakacheka hadi machozi. Mmoja akaomba atukanwe na yeye. Ndivyo mambo yalivyoanza.

Haukupita mwezi, Deokgyu, mtoto wa Bongnye, akatundika bango: Bibi wa Matusi, na picha ya mama yake akiwa ameachama kama bata.

"Siwajui hawa watu," Bongnye alisema. "Nitamtukanaje mtu nisiyemjua? Nianzie wapi?"

"Anzia puani, mama. Pua wanazo."

Bongnye alicheka, hilo lazima lisemwe. Kwa miaka kadhaa aliwapa walichokuja kutafuta. Dada yake, Jeomsun, aliyesukuma unga pamoja naye tangu wakiwa vijana, aliketi kwenye kigoda chake karibu na jiko na kumchokoza: "Leo umewatukana kwa adabu mno. Utatufukuzia wateja."

Vuli moja Jeomsun akafariki. Seonhwa alikwenda msibani siku ya pili, akainama mbele ya picha ya marehemu, akala mchuzi wa nyama pamoja na wafiwa. Siku ya tatu wakazika. Siku ya nne Deokgyu akafungua mgahawa, kwa sababu alikuwa ameahidi kupokea wageni ishirini na wawili.

Seonhwa ndiye aliyewaleta. Alipoona utepe mweupe wa msiba kwenye nywele za Bongnye, alisimama mlangoni. Angeweza kuwageuza. Lakini wageni walikuwa wamechoka, mikono imejaa mifuko ya maduka, na kampuni ilikuwa imesema kwamba mkataba wake ungetazamwa mwezi huo. Ni saa moja tu, alijiambia. Akawaketisha.

Bongnye aliweka mabakuli mezani bila neno. Wageni walisubiri. Mwanamume mmoja mwenye kofia aligonga bakuli kwa vijiti, akauliza tusi lao liko wapi. "Mama, neno moja tu," Deokgyu alinong'ona. Mwanamke mmoja alinyoosha mkono akaugusa ule utepe, akausifu kwamba ni mzuri.

Bongnye akaweka upawa chini. Alimtazama Seonhwa peke yake.

"Jana nimemzika dada yangu. Waambie hivyo. Waambie wale kimya, au watoke waniache nilie."

Nyuso ishirini na mbili zikamgeukia Seonhwa, zimeshaanza kutabasamu.

"Anasema," Seonhwa akawaambia kwa lugha yao, "mnakula kama nguruwe waliofungiwa siku tatu."

Wakaangua kicheko. Wakapiga makofi. Yule wa kofia alipiga meza mpaka mchuzi ukamwagika.

Bongnye hakujua hata neno moja la lugha yao. Lakini alijua alichosema, na alisikia alichojibiwa. Alimtazama Seonhwa kwa muda, bila hasira, kama mtu anayekagua bakuli aone kama ufa umefika chini. Kisha akawainamia wageni. "Karibuni. Kuleni taratibu." Hayo Seonhwa hakuyafasiri.

Tangu siku hiyo Bongnye hakumtukana mtu. Askari aliitwa bwana, akala kwa haraka, akawa haji. Washonaji walidhani wamemkosea. Deokgyu aligomba, kisha akabembeleza, kisha akalishusha bango. Kampuni ikahamishia chakula cha mchana kwa wauza kuku wa kukaanga. Mkataba wa Seonhwa ukaongezwa.

Majira yote ya baridi alizunguka kwa mtaa mwingine. Machipuko yalipofika alisikia kwamba mgahawa utafungwa mwisho wa mwezi. Akanunua boksi la matunda makubwa ya peasi, lililofungwa kwa kitambaa kama zawadi, akaenda mchana siku ambayo hakuwa na wageni. Alitaka kitu kimoja tu: aitwe mkoma.

"Karibu, mgeni. Uko peke yako?"

"Mama mkubwa, ni mimi."

"Keti popote unapopenda."

Alikula bila kuonja. Kule jikoni kisu kilisimama, na harufu ya unga unaoungua ikamfikia, akajikuta ameinua kichwa kama mtoto. Bongnye aliutoa mkia motoni, akaupuliza, akaupeleka kwenye kigoda kitupu cha Jeomsun, akauweka pale.

Seonhwa akasimama. "Nilikosa. Nilijua ninachofanya, nikakifanya. Nitukane, mama mkubwa. Nipige na huo upawa. Nipe neno lolote."

Bongnye alifuta meza. Akachukua boksi la peasi na kumrudishia, kwa mikono miwili.

Hawakuonana tena. Bongnye alifariki kabla ya mvua za majira ya joto, na Seonhwa alipata habari kwa muuza soksi aliyekaa kwenye kona ya mama yake. Alichobaki nacho ni siku ile ya peasi, mlangoni akiondoka, yule mwanamke mzee akimfungulia mlango na kuinama, chini sana, kama anavyoinamiwa mtu mkubwa kutoka mbali.

"Asante kwa kututembelea, mgeni wetu," alisema. "Karibu tena, uje na wenzako."