Gari Halikukaa Eda

Ipo alasiri moja naikumbuka, mwanangu, na kadiri ninavyosahau mengine, hiyo haitaki kusahaulika. Nimeketi ndani ya gari la mjomba wangu marehemu, uani kwake, hapa hapa Bagamoyo. Injini inanguruma kwa upole kama paka aliyeshiba, nami najisifu moyoni kwamba kijana mwenye adabu kama mimi hayupo mtaa mzima. Kumbe lile gari lilikuwa linakufa mikononi mwangu.

Nitakueleza, lakini univumilie, maana shule niliiacha darasa la nne na maneno yangu hayajui kusimama mstari. Swali lako nimelisikia. Umenunua gari kuukuu la Kijapani lenye ile injini isiyo na pistoni, na wenzako wamekuvuruga kichwa. Mmoja wa Lugoba anakwambia ulipige resi kila siku mpaka mshale uguse wekundu, ndiyo dawa yake. Mwingine anakwambia ukifanya hivyo utaizika injini kabla ya mfungo. Ukasikia kwamba mimi zamani niliendesha gari la namna hiyo, ukaja. Ni kweli, niliendesha. Na tangu uniulize, masikio yangu yamerudi nyuma huko, yanasikiliza kitu ambacho hakipo tena.

Mjomba Hamadi alikuwa baharia wa chumba cha injini melini. Kidole chake kimoja kilibaki kwenye mashine za huko, na tulipokuwa watoto akituambia kwamba amekiweka rehani Bombay, siku moja atakwenda kukikomboa. Tuliamini. Aliporudi safari yake ya mwisho alikuja na gari dogo la rangi ya chungwa bivu, na watu wakatoka majumbani kulitazama. Likisimama lililia kama cherehani. Likipanda, lilivuma kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, sauti moja, ndefu, haina mapigo.

Alinichorea mchangani kwa kijiti. Chumba kama yai lililobanwa kiunoni. Ndani yake kitu cha pembe tatu, mfano wa sambusa, kinazunguka. Na kwenye kila ncha ya sambusa kuna kijichuma chembamba kinachofuta ukuta wa chumba. "Hivyo vijichuma ndiyo roho," akasema. Akaendelea kusema mengi, lakini mimi nilikuwa kijana, macho yangu yako kwenye usukani.

Kila baada ya sala ya alasiri alilitoa kidogo, njia ya Kiwangwa, halafu akarudi. Kabla ya kuingia mjini, pale palipokuwa na minazi, alilipandisha mara moja, sauti ikatangulia nyumbani. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa akiinua kichwa na kusema, "Huyoo, kaja." Mimi hapo nazungumzia miaka mingi iliyopita, na bado nikipita kwenye ile minazi, iliyobaki, hatua zangu hupungua zenyewe.

Homa ikamchukua Mjomba kwa siku chache tu. Tukazika. Bi Zuhura akaingia eda, miezi minne na siku kumi kama ilivyo ada yetu, ndani ya nyumba, haonekani. Dada yake mkubwa, Bi Saada, akahamia kukaa naye.

Kabla ya pazia kushushwa Bi Zuhura aliomba jambo moja. Mama yake alikuwa Kiwangwa, mzee, macho yamekwisha, hakuweza kuja mazikoni. "Siku nikitoka eda," akasema, "gari la Hamadi linipeleke kwa mama. Baada ya hapo ligawiwe, liuzwe, mfanye mnalotaka." Hakuomba zaidi ya hilo, na wazee wakakubali. Kwa kuwa Mjomba alinifundisha mimi kuendesha, ufunguo nikapewa mimi.

Mzee Kombo, rafiki wa Mjomba tangu utotoni na jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyesimamia mambo ya marehemu. Akaniita.

"Sefu, gari utaliwasha kila alasiri, lisilale. Lakini kwa adabu. Nyumba hii ina mfiwa. Sauti ikivuka ukuta huu, ufunguo nitakunyang'anya mbele za watu."

"Naam, Mzee."

Basi nikawa nawasha, injini inanong'ona muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, nazima hata haijapata joto. Wapitao wakasema, mpwa wa Hamadi huyo, kijana na adabu zake. Na huko ndani walimsifu Bi Zuhura: mwanamke ana subira, hajatoa hata kwikwi tangu mumewe alipotolewa mlangoni. Tukasifiwa wote wawili, yeye na mimi. Wahenga wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilivyosifiwa, ndivyo nilivyozidi kulibembeleza.

Likaanza kukohoa. Siku moja linawaka, siku mbili halishiki. Plagi nikizitoa, zimelowa, zimevaa masizi kama sufuria ya mama ntilie. Nilizifuta, nikazirudisha, nikazidi kuwasha kwa upole, maana niliona gari ni dhaifu, na mgonjwa hapigiwi kelele.

Ndiyo hiyo alasiri ninayokwambia. Dirisha la chumba cha Bi Zuhura lilitazama uani, pazia limeshushwa. Ikatoka sauti ya Bi Saada.

"We Sefu! Mwenyewe anauliza, unaliwasha gari au unaliimbia lilale?"

"Naliwasha, Bi Saada. Kwa adabu, kama nilivyoagizwa."

 Halafu ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu maziko.

"Eda nimekaa mimi, Sefu. Gari halikufiwa na mume."

Nikashuka, nikainamisha kichwa, ingawa pazia lilikuwepo na hapakuwa na wa kuniona.

"Mjomba wako alikwambia nini juu ya injini hiyo?"

"Alinichorea sambusa, mkaza mjomba."

Bi Saada akaangua kicheko, kikazimwa upesi, nadhani kwa upindo wa kanga.

"Ukaona sambusa, njaa ikakuuma, mengine hukusikia," Bi Zuhura akasema. "Alikuwa akisema masizi yake huungua barabarani. Ikinyamazishwa, inajisonga yenyewe. Mimi injini siijui, nilimjua mwenye nayo. Mama yangu haoni, Sefu, na ananingoja. Utanipeleka Kiwangwa juu ya punda?"

Mzee Kombo alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. "Nimesikia," akasema. "Mnataka kelele katika nyumba ya eda?"

"Ndiyo dawa yake, Mzee," akajibu Bi Saada kutoka ndani. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Mzee Kombo akashika ndevu, akatazama upande wa msikiti. Alikuwa mtu wa kanzu iliyonyooka, asiyependa jambo livutwe. "Kama dawa ni kelele," akasema, "basi linywe mara moja, tumalizane, kabla watu hawajatoka kusali. Nipishe."

"Mzee, halijapata…"

"Nipishe, kijana. Mimi nimeendesha trekta."

Akaketi, akawasha, na injini ingali baridi akakanyaga mafuta mpaka chini. Mwanangu! Gari lilipiga yowe. Moshi ukafunika ua, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Dirisha likagongwa kutoka ndani, nadhani kwa mwiko.

"Shemeji! Toa mguu! Mtu anaamshwa kwa kofi?" Bi Zuhura akaita.

Akatoa mguu. Gari likazima. Akashuka taratibu, kanzu imepata madoa meusi, akaweka kofia sawa, akasema kwa heshima zake zote, "Dawa limekunywa."

"Limekunywa na limetapika," akasema Bi Saada.

Siku hiyo Mzee Kombo alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu amzike mwenzake. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa hapo uani, na Bi Zuhura akiwa nyuma ya pazia akamweleza yale ambayo Mjomba alikuwa akiyasema wakati wa kula, wakati wa kuvaa, hata wakati wa kugombana. Kwamba injini hiyo hunywa oili pamoja na petroli, ndivyo ilivyoumbwa, kwa hiyo dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, itazamwe kila mara. Kwamba ikiwa baridi haipigwi resi kamwe, maana vile vijichuma havijapata oili, vinajikwaruza, wala haizimwi haijapata joto, inajilowesha. Na ikishapata joto sawasawa, iachwe ipande, njiani, ikiwa inafanya kazi, halafu ishushwe pole pole.

"Njiani," akarudia Mzee Kombo. "Kwa hiyo hata ukutani hapa haina haja ya kulia."

"Ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote, shemeji. Hukuwa ukisikia?"

Mzee Kombo akainuka, akanirudishia ufunguo.

Kesho yake nikabadilisha plagi, nikaongeza oili, nikaliwasha nikalingoja mpaka mshale wa joto ukapanda na kutulia. Mzee Kombo akapanda mbele. Tukatoka mjini pole pole, tukashika njia ya Kiwangwa, siku hizo udongo mtupu. Palipokuwa peupe, pasipo nyumba, nikaliacha lipande. Likakohoa, likatema moshi mweusi, nikaona aibu. Nikarudia. Mara ya tatu koo likafunguka. Ile sauti moja, ndefu, ikatoka safi, ikajaa pori lote.

Mzee Kombo alikuwa ameshikilia mlango. Akasema chini chini, "Hamadi huyo." 

Tangu hapo tulikwenda hivyo mara kwa mara, na gari likawa linawaka kwa mguso mmoja.

Eda ikaisha. Bi Zuhura akatoka asubuhi, amekonda, amejitanda, akaingia nyuma na dada yake. Mzee Kombo akakaa mbele. Mtaani wakasimama kumpa pole, na wakamsifu tena, mwanamke jasiri huyo, chozi halijamdondoka. Yeye akawa anaitikia kwa kichwa.

Tukatoka mjini. Gari limepata joto, njia nyeupe. Nikaliacha lipande kama kawaida. Na sauti ilipofika juu kabisa, nikasikia nyingine ndani yake. Mwanzo nilidhani ni kifaa kimelegea. Nikataka kupunguza mafuta nisikilize. Mkono ukanigusa bega kutoka nyuma.

"Usishushe, baba. Usishushe bado."

Alikuwa analia. Analia kwa sauti, mdomo wazi, miezi yote ile inamtoka kwa pamoja, na alijificha ndani ya mvumo wa injini ya mumewe asisikiwe na yeyote. Bi Saada alimkumbatia. Mzee Kombo alitazama mbele, shingo imekauka, hakugeuka hata mara moja. Nami nilitazama mshale, nikajua injini haiwezi kubaki juu vile safari nzima. Basi nikaanza kushusha, kidogo, kidogo tena. Naye akashusha kilio chake pamoja nami, mpaka likabaki gari linalonguruma na mtu anayevuta kamasi.

Kiwangwa mama yake alikuwa mlangoni, mikono mbele. Akampapasa mwanawe uso, akakuta umelowa mpaka kidevuni.

"Afadhali," akasema. "Niliambiwa hulii, nikaogopa."

Gari liliuzwa kwa mtu wa Dar es Salaam baada ya mirathi, na sikuliona tena. Bi Zuhura alibaki kwao Kiwangwa, akilima mananasi, na huko ndiko alikozikwa. Mzee Kombo naye hayupo. Nimebaki mimi mwenye kuijua ile sauti, ndiyo maana jana ulipopita hapa nilisimama na mkongojo wangu katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina. Nisamehe kwa kukuzuia.

Sasa jibu lako, mwanangu. Rafiki zako wote wawili wamesema nusu. Kila chombo kwa wimbile. Injini yako usiibembeleze, itakufa kwa masizi. Iache ipande, hata kila siku, haitadhurika. Lakini iwe imepata joto, oili iko sawa, uko njiani na si umesimama mlangoni ukiwatisha watoto. Usiishikilie kwenye wekundu, na ukiipandisha, uishushe kwa upole kabla ya kuzima. Asubuhi ikiwa baridi, mguu wako na uwe mwepesi. Nilikusikia juzi alfajiri ukiipiga resi ingali baridi. Acha.

Na mtu wako akifiwa, usiharakishe kumsifia kimya chake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtafutie njia nyeupe, mngoje apate joto, kisha umwache.

Nenda, baba. Mola akupe umri na mwendo wa salama, oili yako isikauke, na siku ya msiba wako, maana utakuja, akujaalie mtu wa kuketi kiti cha mbele asiyegeuka nyuma. Amin.