Mama Mwenye Ndevu na Paswadi Iliyokataa

Jamani, mimi nimewahi kuonekana na nusu ya Kampala nikiwa nimevaa gomesi, na ndevu zangu zote, na soksi. Sasa nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni Reuben, mtu wa Nyeri kule Kenya, nilikuja Kampala kutafuta riziki nikaipata Kansanga kwa Nalongo, fundi cherehani (Nalongo ndivyo anavyoitwa mama wa mapacha huku, na mimi najihesabu kama pacha wa tatu). Yeye anashona gomesi, yale mavazi marefu ya heshima ya wanawake, yenye mabega yaliyochongoka, mimi naziuza kwenye duka letu la mtandaoni, napiga picha, najibu wateja, na najiita mkurugenzi.

Wiki ile kulikuwa na kazi tuliyoiombea. Familia moja ya Kyambogo ilikuwa na kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwao, na walitafuta fundi wa kuwavalisha wanawake wote wa ukoo. Waamuzi ni masenga, yaani shangazi za binti, na walikuwa wamesema watatazama duka letu mtandaoni kisha waje. Nalongo hakuwahi kupata kazi kubwa namna ile, alikuwa anashona huku anaimba.

Sasa msichana wetu wa kupigwa picha hakutokea. Nalongo akataka kuona mabega yanavyokaa, akanitazama, nikaelewa, nikavaa. Akanipiga picha akicheka hadi machozi. Kesho yake akaenda Ggaba kununua samaki, akaacha akaunti ya duka wazi kwenye kompyuta, na mimi nikaona nibadilishe picha ya mbele ya duka upesi upesi, chapati mkono mmoja, bila miwani (uvivu tu, miwani ilikuwa kwenye begi). Nikamaliza, nikafunga akaunti kama mtu mwenye adabu, ndipo nikavaa miwani nijipongeze. Nikajiona mimi, nimeshika kiuno, na juu yangu maandishi: "Pendeza siku ya kwanjula."

Nikarudi kuingia niitoe. Nalongo alikuwa amebadilisha paswadi juzi, kwa sababu ile ya zamani niliibandika ukutani, akaniambia, "Usiogope, ni jina yako tu." Nikaandika reuben. Si sahihi. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikaongeza jina la baba, nikazima kompyuta nikaiwasha kama wataalamu wote wafanyavyo, mwisho mtambo ukaniambia nimejaribu mno, nisubiri kwanza. Nikaomba paswadi mpya, ikatumwa kwenye barua pepe ya Nalongo, ambayo paswadi yake pia anaijua yeye na Mungu.

Nikampigia, nikaweka sauti kubwa ili mikono ibaki kwenye kompyuta, nikamwambia paswadi imekataa. Hapo hapo masenga wakaingia. Aliyetangulia alikuwa askari polisi mstaafu, Kiswahili chake cha kambini, akanikagua kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ni wewe ile mama ya ndevu?"

Kabla sijajibu, Nalongo akanguruma kwenye simu kutoka sokoni: "Nilikwambia ni jina yako! Lewubeni!"

"Nimeandika Reuben, nnyabo, mama yangu, imekataa!"

"Eeh, ndiyo hiyo! Lewubeni!"

"Inaanza na ari au eli?"

"Eli!"

"Eli gani?"

"Eli ya lumonde!"

Lumonde ni viazi vitamu, na nimekula vya kutosha mezani kwake kujua vinaanza na herufi gani. Nikaandika lewubeni. Akaunti ikafunguka. Masenga walikuwa wameegemeana kwa kicheko, na mimi, msinicheke, nikalisoma tena lile neno polepole. Miaka yote ile nilidhani analikosea jina langu, kumbe kwake hilo ndilo jina langu, na ndilo alilolifanya ufunguo wa duka lake.

Nikataka kuifuta picha, yule senga polisi akanishika mkono. "Wacha kwanza. Kama mabega inasimama hivi juu ya mwanaume, juu ya sisi itasimama." Akampa Nalongo kazi yote pale pale kwenye simu, na huko Ggaba nikasikia vigelegele.

Nimeapa sibadilishi kitu bila miwani, na gomesi sitavaa tena. Paswadi nayo, baada ya kutangaziwa soko zima, ilibidi ibadilishwe, na kwa mapenzi nikaweka jina lake yeye. Jumatatu akanipigia.

"Lewubeni, imekataa!"

"Umeandika nini?"

"Jina yangu! Nalongo!"

"Andika polepole, nnyabo," nikamwambia kwa upole wa mwalimu. "Anza na en, halafu a, halafu ari..."

Akaanza kucheka, na ndipo nilipokumbuka kwamba huko kwetu Nyeri, hiyo eli hatujawahi kupatana nayo.