Kitanda cha Mbele ya Meza ya Nesi

Jamani, kosa ni langu mwenyewe, na leo nalitema maana limenikaba vya kutosha.

Baba yangu, mrina asali wa Ipole, alilazwa hapa Tabora kwa homa ya mapafu. Wodini akamkuta mtani wake, mzee wa Kisukuma kutoka Igunga. Baba akawa anamchokoza kutwa, eti akifa ng'ombe wake wote watahamia kwetu Unyamwezini. Mzee alikuwa hoi, hawezi kusema, basi anamjibu kwa kuinua kidole.

Sasa huyo mzee kalazwa mbele ya meza ya nesi, kaegemezwa mablanketi mawili kama chifu. Baba yangu kule mwisho, jirani na choo. Wivu ukanipanda! Nikajua tu, hawa wana mtu wao humu ndani.

Nesi alikuwa mmoja wodi nzima. Alipotoka kwenda kuazima mashine ya oksijeni wodi ya watoto, nikavisukuma vitanda, vina magurudumu. Baba mbele, mzee kule jirani na choo. Mablanketi nikayachomoa, nikamwekea baba, amesinzia hana habari. Nikakaa nimekunja nne, najiona mjanja.

Baba akaamka, akamtupia mtani wake utani. Kidole hakikuinuka. Akarudia.

"Mwanangu, mtani hajibu. Mwangalie, hajibu."

Nikageuka. Mzee kalala chali, midomo imebadilika rangi, kifua kinahangaika. Hapo nesi anaingia na mashine yake mbio mpaka mezani, anamkuta baba.

"Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha kule mwisho. Akamkimbilia mzee, akamwinua, akamwegemeza, akamwekea hewa.

Baadaye akanieleza taratibu. Pale mbele anamweka aliye mahututi zaidi, amwone kila anapoinua macho. Mablanketi yale ndiyo yalikuwa yanamsaidia kupumua.

"Baba yako nilimweka mbali kwa sababu anapona."

Nililia, nyie! Akanipa adhabu: siku tatu nikae na mzee, nihesabu anavyopumua.

Mzee akapona. Aliambiwa tu kwamba kuna binti hakubanduka kitandani kwake. Sasa kila akija mjini ananiletea jogoo, ananiita mwokozi wake. Baba, anayeijua siri yangu, ananitazama, anacheka. Nimekula jogoo wanne wa yule mzee, hakuna hata mmoja aliyeshuka vizuri.

Nyie mnaouguza, mgonjwa wenu akiwekwa mbali na nesi, shukuruni. Na mablanketi ya watu msiyaguse.

Niacheni sasa. Wa tano anawika hapa uani, na baba ameshaulizia supu.