Salamu Kutoka Nyuma ya Jiko

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alikuwa bingwa wa shikamoo. Pale Ibighi tunapoishi, nikimtuma chumvi dukani anachelewa kwa sababu anamwamkia kila mtu mzima, hadi walevi. Mimi ni nesi, mtu wa Tanga, nilihamishiwa Tukuyu nikaolewa na Mnyakyusa. Kwetu mtoto asiyeamkia ni aibu ya mama yake, kwa hiyo nilijisikia kweli kweli.

Lakini tukifika Kisiba kwa wakwe, mtoto huyo huyo anageuka. Babu yake akikohoa tu kule migombani, yeye mbio nyuma ya jiko. Nimembembeleza, nimemfinya, nimemwahidi soda. Wapi!

Siku moja mzee alimwita, akaita tena, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Mama mkwe akanijia jikoni. Aliongea kwa upole, ila maneno yalinichoma: "Mzee anauliza, mjukuu wake ameambiwa babu ni mchawi?"

Jamani, niliumia. Nikamshika mtoto mkono, hasira zimenipanda. "Leo utamwamkia babu, utake usitake! Tabia gani hii?"

Akanitazama, machozi yanamlengalenga. "Mbona wewe humwamkii? Unakimbiaga."

Nikamwachia mkono. Kwa kina mume wangu, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wala haongei naye. Akimwona njiani anapisha. Wengi siku hizi wameacha, lakini mzee wetu ni wa zamani, nami nilikubali kwa moyo mweupe. Akikohoa, naacha mwiko kwenye sufuria naenda nyuma ya jiko. Tangu niolewe hajawahi kunitamkia neno. Na mtoto nilikuwa nakimbia naye mgongoni, alipoanza kutembea akawa ananifuata kashika khanga yangu. Hakuna aliyemwambia kwamba desturi ile ilikuwa ya mama peke yake.

Nikachuchumaa. "Sikia, mama. Mimi nikijificha, ndiyo namwamkia hivyo. Ni heshima ya mkwe. Wewe ni mjukuu, heshima yako ni kwenda. Piga goti, mpe mikono yote miwili, mwambie shikamoo."

"Hataniuma?"

"Kwa meno gani, yale mawili?"

Akacheka, akaenda. Mimi nikabaki nyuma ya jiko, nikiomba Mungu asigeuze njiani. Nikasikia mlango ukifunguliwa.

"Shikamoo, babu."

Kisha sauti ya mzee, inakatikakatika: "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba. Ndaga fijo." Alikuwa anamshukuru mtoto kwa Kinyakyusa, na mimi nilianza kulia. Nikavuta ncha ya khanga nijifute. Kabla sijamaliza, bingwa wangu akapaza sauti:

"Na mama anakuamkia! Yuko nyuma ya jiko, ndiyo anakuamkia hivyo!"

Mungu wangu! Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Mkwe gani anatumiwa salamu za namna hii? Kule ndani mzee akacheka mpaka akakohoa, na safari hii sikuwa na pa kukimbilia zaidi. Akajibu kwa sauti kubwa, kubwa kuliko ya kumwambia mtoto aliye mbele yake:

"Mwambie mama yako nimeitikia. Siku zote huwa naitikia."