Zamu ya Maji ya Bibi Zaina

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za utumishi wangu, mwanangu, haikuwa ya ubatizo wala ya sikukuu. Ilikuwa alasiri moja ya kiangazi katika milima ya Usambara. Nilikuwa nimesimama kando ya mfereji wa maji, jembe mkononi, na mzee mmoja akaniuliza: "Wewe ni wa nyumba ipi?" Nitakueleza nilivyofika pale, kwa kuwa umeniambia unajiandaa kutumwa mbali, na sitaki uondoke ukidhani kwamba hatari kubwa ya mmisionari ni malaria au upweke.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwetu ni Taita, upande wa Kenya. Siku za hewa safi, ukisimama ukingoni mwa milima kule Mtae, vilima vyetu huonekana ng'ambo ya tambarare kama wingu lililokaa. Shirika letu lilinituma Tanzania kwa miaka miwili ya majaribio. Miaka hiyo ikiisha, wakuu wangeamua nani apokewe katika utumishi wa maisha na nani arudishwe kwao. Mwenzangu alikuwa binti wa Malawi aitwaye Chisomo, na tulipewa nyumba moja katika kijiji kilichoko juu ya njia iendayo Rangwi: vyumba viwili, jiko la kuni na taa moja ya chemni.

Maisha yetu yalikuwa na mpango usiobadilika. Tuliamka kabla ya jua, tukasali, tukachota maji, tukapika uji. Asubuhi mimi nilifundisha watu wazima kusoma na dini. Yeye alizungukia wagonjwa. Mchana tulipanda na kushuka vilima kutembelea nyumba za Wakristo na za Waislamu pia, maana huko Waislamu ni wengi na hawakutufungia milango. Saa kumi na mbili jioni tulitakiwa kuwa pamoja kwa sala. Hiyo ilikuwa kanuni ya shirika. Kila mwisho wa mwezi taarifa ilipelekwa kwa Mama Mkuu, aliyekaa Lushoto mjini, na kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa kizuri na mwandiko wangu ulisomeka, aliyeandika ni mimi.

Sasa sikiliza ugonjwa ulivyoanza. Mimi nilikuwa nimesoma zaidi ya Chisomo. Nilijua nyimbo nyingi zaidi, nilijua Maandiko kwa sura na mstari, na sikuwa natafuta maneno kama yeye, aliyekuwa akisimama katikati ya sentensi na kucheka. Nilitarajia kupendwa kwa sababu hizo. Badala yake, miezi minne haijaisha, yeye alikuwa akiamkia watu kwa Kishambaa, "Onga mshi," nao wakiangua kicheko cha furaha na kumsahihisha na kumshika mkono. Watoto waliita jina lake toka ng'ambo ya bonde. Mtu akibisha hodi kwetu na mimi nikafungua, niliona macho yake yakipita begani mwangu kumtafuta mwingine. Tukiletewa mapeasi, mletaji alisema, "Haya ni ya Chisomo," kisha akakumbuka adabu: "Na wewe pia, mwalimu."

Na wewe pia. Nilikuwa nalala na maneno hayo na kuamka nayo. Nilianza kuhesabu nani kamsalimia yeye kwanza na nani kanisalimia mimi, na hesabu hiyo niliifanya hata wakati wa sala, macho yakiwa yamefumbwa. Alipoimba vibaya nilifurahi. Alipoumwa na jino nilimchemshia maji ya chumvi, na moyoni nikaona raha kwamba siku hiyo nitatembea peke yangu. Sikufichi kitu, mwanangu. Wivu haukunijia kwa sura mbaya; ulinijia ukiwa umevaa bidii na utaratibu.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, serikali ilipowafungulia watu biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yalikuwa yameanza kujaa sabuni na vitenge, na malori ya watu binafsi yalipanda hadi kijijini kufuata kabichi, karoti na maharage ya kupeleka Dar es Salaam. Kila mwenye kipande cha bondeni akataka kulima hata kiangazi, na maji ya mfereji yakawa kitu cha kugombewa. Mfereji ulikuwa na mzee wake, aliyepanga zamu, na zamu zilikuwa na sheria yake. Maji yakifika kwenye shamba lako lazima ukutwe umesimama hapo na jembe, uyafungulie njia. Usipokuwapo, yanapita kwenda kwa jirani, nawe unangoja hadi zamu ijayo. Unaweza kumtuma mtu, lakini awe wa nyumba yako. Kibarua hakubaliwi, wala rafiki, maana wenye uwezo wangeweka vibarua kila kona na wajane wangekauka.

Bibi Zaina alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa ameshuka kwenda kuchuma chai Bulwa, na yeye nyonga ilikuwa imemharibikia kiasi kwamba kufika msikitini kwenyewe ilikuwa safari. Maharage yake ya bondeni ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Zamu yake iliangukia Jumanne na Ijumaa, kuanzia alasiri hadi jua kuzama. Siku moja Chisomo alimkuta analia, akachukua jembe, akateremka. Mzee wa mfereji akamzuia. Bibi Zaina alijikokota na fimbo yake hadi pale, akasema mbele ya watu wote, "Huyu ni wa kwangu. Ni mtoto wa nyumba yangu." Basi. Tangu siku hiyo Chisomo alikuwa na zamu katika mfereji wa Washambaa, na mimi, mwalimu, sikuwa na kitu.

Hivyo basi Jumanne na Ijumaa mwenzangu hakuwahi sala ya jioni. Aliingia saa moja kasorobo, matope hadi magotini, akihema kwa kupanda kilima, akasema, "Nisamehe, dada, maji yalichelewa," kisha akasali peke yake chumbani. Nilijua alikotoka. Alikuwa amenieleza tangu mwanzo, na kuniomba nilitaje jambo hilo katika taarifa ili Mama Mkuu atoe ruhusa.

Sikulitaja mwezi wa kwanza, wala wa pili. Mwezi wa tatu niliandika hivi, na nakumbuka kila neno: "Chisomo hahudhurii sala ya jioni mara mbili kila wiki. Hurudi jua limeshazama, na husali peke yake." Nikasoma tena nilichoandika. Hapakuwa na uongo hata mmoja. Nikafunga bahasha, nikampa dereva wa lori la kabichi aipeleke Lushoto.

Wiki mbili baadaye Chisomo aliitwa Lushoto. Alifungasha mfuko wake mdogo asubuhi, akasimama mlangoni.

"Dada, uliandika nini?"

"Niliandika ukweli."

"Wote?"

Nikajifanya nachochea kuni. Akasema, "Ijumaa usisahau maji ya Mama Zaina," akaondoka.

Alijieleza huko, nilikuja kujua baadaye. Lakini kanuni ilikuwa kanuni, ruhusa haikuombwa, na taarifa za miezi mitatu hazikuwa na neno la kumtetea. Wakuu waliona ni mtu wa kujiamulia. Alirudishwa Malawi kabla ya muda wake.

Nikabaki na nyumba, taa na kijiji kizima. Hapakuwa na wa kuhesabiana naye salamu tena. Na unajua watu waliniuliza nini kila nilipopita? "Mwenzako anarudi lini?"

Ijumaa ile ya kwanza nilijiambia nina vitabu vya kusahihisha. Jumanne nikasema ninaumwa kichwa. Ijumaa ya pili Bibi Zaina alikuja mlangoni kwangu mwenyewe, akiwa amepumzika mara nne njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji yangu yamepita mara mbili, mwalimu. Maharage yanakunja majani. Leo ni zamu yangu na mimi siwezi kusimama. Mwanangu Chisomo yuko wapi?"

Nilichukua jembe la Chisomo nyuma ya mlango, nikateremka, naye akinifuata taratibu na fimbo yake. Wanawake waliokuwa wakichuma kabichi waliponiona walicheka. "Mwalimu, jembe hilo unalishika kama kalamu!" "Mwacheni, anataka kuyaandikia maji barua!" Yule wa pili hakujua jinsi alivyonichoma.

Ndipo mzee wa mfereji akaniuliza lile swali.

"Wewe ni wa nyumba ipi?"

"Ya misheni, mzee."

"Misheni haina zamu kwenye mfereji huu, binti yangu. Bibi Zaina, huyu ni wa kwako?"

Bibi Zaina aliegemea fimbo yake. Alinitazama. Maji yalikuwa yanakuja, tuliyasikia yakisukuma majani makavu juu yetu. Nikaona kwamba neno lake moja lingeniingiza mahali nilipopaonea wivu mwaka mzima, na kwamba sikuweza kulipokea nikiwa nimefunga mdomo. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Chisomo harudi, na kwamba kalamu iliyomwondoa ni yangu.

Alikaa chini juu ya jiwe. Aliniambia maneno machache, mwanangu, na hakuyapaza.

"Ulikuwa unataka nini kwangu? Mlango ulikuwa wazi. Ulikuja, ukakaa kwenye kigoda, ukatazama nani amemiminiwa chai kwanza. Yule mtoto hakuchukua fungu lako. Fungu lako lilikaa hapa hadi likapoa."

Kisha akaita kwa sauti, bila kunitazama, "Mzee, ni wa kwangu! Amenikosea, lakini ni wa kwangu. Mpe maji."

Nilifungua njia ya maji vibaya, yakanipita kushoto, yakavunja tuta, nikayafuata kwa magoti. Nililowa hadi kiunoni. Nusu ya maharage ilikuwa imekwisha kufa. Nusu ilipona.

Kesho yake niliandika taarifa nyingine, yote, pamoja na yaliyofichwa. Nilipanda lori nikaipeleka kwa mkono wangu. Mama Mkuu aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Barua hii ingefika mwezi mmoja mapema," alisema, "ningekuwa na watumishi wawili." Chisomo aliandikiwa arudi. Alijibu kwamba amemkuta mama yake mgonjwa na hana mwingine wa kumtunza. Hakurudi tena. Mimi niliongezewa mwaka mmoja wa majaribio palepale kijijini, na Jumanne na Ijumaa nikapewa ruhusa ya maandishi.

Kabla ya mwaka huo kuisha ilifika barua kutoka Malawi. Juu yake palikuwa na jina la Bibi Zaina peke yake. Bibi alisoma Kurani yake vizuri, lakini maandishi yetu hakuyajua, hivyo alinikabidhi mimi nimsomee. Nilikaa kwenye kigoda kilekile. Nikasoma kwa kinywa changu mwenyewe, katika Kiswahili kile cha Chisomo nilichokuwa nakidharau: "Mama yangu, kila Ijumaa jua likizama mimi nasimama nje, nafikiri maji yako yamefika. Nani anafungulia?" Mwishoni kulikuwa na salamu kwa mzee wa mfereji, kwa wanawake wa kabichi, kwa watoto wanane waliotajwa majina, na kwa dada wa nyumba ya misheni.

"Rudia pale pa mwanzo," Bibi Zaina akasema.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mara ya tatu nilikwama penye "Nani anafungulia", naye akangoja hadi nikamaliza, hakunisaidia.

Mwanangu, huko uendako utapangwa na mtu, na mtu huyo atapendwa. Pengine atapendwa kuliko wewe, na bila kukuzidi kwa lolote unaloweza kulipima. Siku utakapojikuta unahesabu salamu zake, ondoka kwenye kigoda, uende ukashike kazi anayoifanya, hata kama utaishika vibaya na watu wakakucheka. Na ukipewa kalamu ya kuandika juu ya mwenzako, usijiulize tu kama unachoandika ni kweli. Jiulize umeacha nini, na umekiacha kwa faida ya nani. Yaliyo bado mkononi mwako yarekebishe leo, kwa sababu mimi nilichelewa mwezi mmoja tu, na mwezi huo haujaisha hadi sasa.

Nenda kwa amani. Mungu akupe mwenzako wa kukupita, na moyo wa kumfurahia. Na uendako, mbele ya mlango usio wa kwenu, asikosekane mtu wa kukutazama, akijua makosa yako yote, na kusema: huyu ni wa kwangu.